Land Cruiser na Land Rover Kuukuu Malindi: Dalili, Chanzo na Tiba

Uani kwetu Barani, hapa Malindi, pana Land Cruiser HZJ75 ya mizigo na Land Rover Series III aliyoiacha marehemu baba. Nazitengeneza mwenyewe, na kwa kuwa lango la ua liko wazi mchana kutwa, majirani wenye Patrol, Pajero na Suzuki SJ413 huingia kuuliza. Wanayouliza ni yaleyale mwaka nenda mwaka rudi, na mara nyingi mtu anafika akiwa ameshanunua spea. Amebadilisha stata, au pampu ya dizeli, au shokabsoba zote nne, na gari bado linaumwa ugonjwa uleule.

Hapa Malindi ugonjwa una wazazi watatu: chumvi inayopeperushwa na kusi, mchanga, na maji ya visima yenye chumvichumvi. Ukiwatafuta hao kwanza, kazi nyingi huishia kwenye spana ya 10, brashi ya waya na kipande cha msasa. Chini ya kila dalili nimetanguliza chanzo kinachotokea zaidi, cha nadra nimekiweka nyuma. Fuata mpangilio huo hata kama rafiki yako ameshaapa kwamba ni kitu kikubwa.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Nyua zetu ni za mchanga. Jeki huzama upande mmoja polepole na wewe huoni, kwa hiyo iweke juu ya ubao mnene na mpana. Gari likishainuka, lisimame juu ya stendi za chuma. Tafadhali usitumie tofali la matumbawe. Jiwe lile hukatika kwa msumeno wa mkono, ndiyo maana tunalijengea, na kwa sababu hiyohiyo hupasuka chini ya uzito bila kutoa ishara yoyote.

Wenye Land Rover wajue jambo moja zaidi. Breki ya mkono ya gari hilo haikamati magurudumu, inakamata shafti nyuma ya gia boksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile la hewani linazunguka lenyewe na gari lote linaweza kubingirika hata kama breki ya mkono imevutwa. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kila mara.

Unageuza ufunguo, gari linasema "tak" na kunyamaza

Hii ndiyo inayoongoza. Taa za dashibodi zinawaka, honi inalia, lakini stata inatoa mlio mmoja mkavu, basi. Mwenye gari husema betri imekufa au stata imeungua. Na mimi niliamini hivyo. Nikanunua stata ya mtumba, nikalala chini ya gari siku nzima kuifunga, na mlio ukabaki uleule. Chanzo kilikuwa waya wa eathi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari, kati ya injini na chasisi. Kwa nje ulikuwa mzima, ila pale unapofungwa kwa boliti palikuwa pamejaa unga wa kijani.

Anza na terminali za betri. Fungua ya hasi kwanza, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, yaleyale ya kuivishia maharagwe, halafu suuza, sugua mpaka risasi ing'ae, kaza, ndipo upake vaselini juu. Terminali inayozunguka kwa mkono haijakazwa, hata ikiwa safi namna gani.

Kisha fuata waya mnene wa hasi mpaka unapoishia. Kuna unaokwenda kwenye bodi, unaokwenda kwenye chasisi, na ule wa kati ya injini na chasisi ambao watu huusahau. Kila mahali fungua boliti, kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe kitokee, funga, kisha paka grisi kwa nje kuzuia hewa ya bahari.

Kama una mita, kipimo hiki kitakuokolea pesa. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye terminali hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, na mwenzako apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea kwenye eathi. Rudia upande wa chanya, kutoka terminali ya betri hadi boliti nene ya stata.

Betri yenyewe ikilala usiku kucha bila kazi husoma 12.6 ikiwa imejaa, na 12.2 ikiwa imebaki kama nusu. Wakati stata inavuta isishuke chini ya 9.6. Ikishuka na nyaya zote ni safi, hapo betri ndiyo mgonjwa. Kabla ya kukopa umeme kwa jirani, hakikisha unajua mfumo wa gari lako. Baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli zilitoka na volti 24, na Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilikuwa na eathi ya chanya, yaani chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye chasisi. Kuunganisha kwa mazoea hapo kunaunguza alteneta.

Yote yakiwa sawa ndipo uitazame stata. Ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku) ya stata za Land Cruiser mna vipande viwili vya shaba vinavyolika kidogo kidogo. Dalili yake haifichiki: mara ya kwanza "tak", mara ya pili "tak", mara ya tano gari linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Vipande hivyo huuzwa peke yake, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na stata nzima. Toa terminali hasi kabla ya kugusa, kwa maana waya mnene wa stata una umeme muda wote, ufunguo uwepo usiwepo.

Acha na umwite fundi wa umeme ukiona waya umepata moto hadi plastiki yake imelainika, au ukinusa harufu ya kuungua nyuma ya dashibodi. Usiongeze fyuzi kubwa ili gari lifike nyumbani.

Injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, au inawaka dakika moja na kuzima

Kwa dizeli za zamani, mtuhumiwa wa kwanza ni hewa ndani ya mafuta. Wa pili ni maji na uchafu kwenye chujio. Pampu ya dizeli, ambayo ndiyo kila mtu huitaja, iko mwisho kabisa wa mstari.

Lakini tanguliza mambo ya dakika moja. Geji ya mafuta ya gari la miaka 30 hudanganya, chomeka kijiti safi ndani ya tangi. Kwenye Land Rover Series ya dizeli, tazama kama kebo ya kuzimia imerudi ndani yote. Kwenye Land Cruiser, mwenzako awashe ufunguo bila kupiga stata nawe utege sikio kwenye pampu: solenoidi ya mafuta, inayofungua njia ya dizeli, inapaswa kutoa "tik" ndogo. Usipoisikia, tazama waya wake. Huwa umeachia au umeliwa na chumvi pale unapochomekwa.

Sasa fungua kitobo cha chini cha chujio utoe dizeli kidogo kwenye chupa ya kioo. Iache itulie. Maji yatakaa chini, mafuta juu. Tangi linalokaa nusu tupu katika unyevu wa pwani hutengeneza maji lenyewe, kwa hiyo nimezoea kujaza jioni, si asubuhi. Kuhusu dizeli ya vidumu inayouzwa rahisi kando ya barabara, sitaki hata kuikaribia. Ikichanganywa na mafuta ya taa hailainishi tena pampu, na ukarabati wa pampu unamaliza akiba yote uliyodhani umeiweka. Mchezo huo ulienea nchini hadi serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018.

Kutafuta hewa, kata kipande cha paipu ya plastiki inayoonyesha, kifunge kwa muda kati ya chujio na pampu. Washa injini na utazame. Viputo vikipita, hewa inaingia nyuma ya hapo. Chunguza kwa utaratibu huu: mpira wa chujio (wakati mwingine wa zamani umebaki umeganda na mpya umewekwa juu yake), klipu zilizoshika kutu, paipu za mpira zilizochanika kwa joto, na mwisho ile pampu ya mkono juu ya chujio, ambayo ngozi yake ya ndani hupasuka. Ukishindwa kabisa kupata mahali, ning'iniza kidumu cha dizeli safi juu kuliko pampu na ukiunganishe moja kwa moja kwenye chujio. Gari likinguruma bila kukohoa, ubovu uko kati ya tangi na chujio, na pampu yako haina kosa.

Kutoa hewa kunataka subira tu. Legeza skurubu ya juu ya chujio, piga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila povu, kaza. Ikibidi, legeza nati za nozeli mzunguko mmoja, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka kila moja itokwe na mafuta, kisha kaza moja baada ya nyingine.

Hapa pana hatari mbili ambazo sitazipunguzia ukali. Ya kwanza: usiweke kidole wala kiganja kwenye mafuta yanayotoka kwa shinikizo kwenye nozeli au paipu zake. Dizeli hiyo hupenya ngozi kama sindano, tundu halionekani, na baada ya saa chache mkono unaweza kupotea. Ikikupata, nenda hospitali wakati huohuo na useme wazi kwamba ni mafuta ya shinikizo, hata kama huna maumivu. Ya pili: ikiwa injini ya 1HZ, ile ya HZJ75, imezima ghafla barabarani na sasa stata inaizungusha kwa wepesi usio wa kawaida, acha kupiga stata. Huenda mkanda wa taiming umekatika. Unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hugonga pistoni. Kila unapojaribu tena unazidi kuharibu. Fundi wa injini afungue.

Plagi za kupasha moto zinalaumiwa bure hapa kwetu. Moja ikifa, asubuhi injini itakohoa na kutoa moshi mweupe, kisha itatulia. Haitakataa kabisa.

Za petroli, kama SJ413 na Series III nyingi, wakati wa masika tazama kwanza unyevu. Vua kofia ya distributa, ifute ndani kwa kitambaa kikavu, safisha pointi (zile ncha mbili za ndani zinazokata umeme) kwa msasa laini. Mwanya wa pointi za Land Rover ya silinda nne ni milimita 0.35 hadi 0.40. Cheche ikiwepo na gari halitaki, uchafu uko ndani ya kabureta.

Linachemka

Dalili hii hutokea zaidi njia ya Marafa na ile ya kwenda geti la Sala la Tsavo, gari linapokwenda polepole kwenye mchanga, joto kali na feni haipati upepo wa mbele wa kuisaidia.

Simama, zima, fungua boneti, ungoja. Kizibo cha rejeta kisiguswe mpaka uweze kushika hosi ya juu kwa kiganja bila kuondoa mkono. Maji ya ndani yamefungwa kwa shinikizo na yanapita nyuzi 100. Yakirukia uso yanababua ngozi.

Likishapoa, kagua hivi. Maji yamepungua? Tafuta uvujaji: hosi, klipu, kitobo cha chini cha pampu ya maji. Maji yapo? Kagua mbele ya rejeta, maana mbegu za majani na vumbi jekundu vikikaa kati yake na kondensa ya AC hutengeneza ukuta. Osha kwa maji ya bomba kutoka upande wa injini kuelekea nje, bila mashine ya shinikizo kubwa, kwa kuwa inalaza mapezi ya rejeta. Halafu mkanda wa feni, kisha kizibo chenyewe: mpira wake ukikakamaa, maji hutoka na hayarudi.

Feni yenye klachi ya mafuta huchunguzwa gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Izungushe kwa mkono injini ikiwa na moto. Inapaswa kukukatalia kidogo. Ikizunguka huru mara kadhaa, klachi yake imekwisha.

Kuhusu themostati, ile vali inayofungua njia ya maji yakipata moto, natofautiana na mafundi wengi wa hapa, ambao huitoa na kuitupa. Kwenye injini nyingi, themostati ikifunguka huziba pia njia fupi inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kamwe. Ijaribu badala ya kuitupa. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, chemsha, utazame ikifunguka. Kiwango kimechapwa kwenye chuma chake, mara nyingi 76, 82 au 88, na lazima iwe wazi kabla maji hayajatokota.

Kisha ni maji unayotia. Ya kisima cha karibu na ufuo yanakula aluminiamu ya ndani na kuacha ukoko kwenye mirija ya rejeta. Mimi hukinga ya mvua kutoka paani au hununua yaliyosafishwa, na huchanganya na kuulanti nusu kwa nusu, ingawa Malindi hakuna barafu. Kazi yake kwetu ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Ukiona viputo visivyokoma kwenye rejeta injini inaponguruma, moshi mweupe usioisha, au oili imegeuka rangi ya uji, gasketi ya hedi imeachia. Usiendeshe tena. Hedi itolewe, ipimwe kama imepinda, na kazi hiyo inataka karakana yenye mashine.

Gia ya 4x4 haishiki, au imeshika na haitoki

Wengi wanaolalamika wamesahau habu, vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele. Kwenye gari la habu za kugeuza kwa mkono, kuvuta gia ndogo peke yake hakuzungushi magurudumu ya mbele. Geuza zote mbili kuwa LOCK, sogea mita chache, ujaribu. Habu ikigeuka kwa nje bila kushika, grisi ndani imeganda kuwa kama nta yenye mchanga. Fungua, osha kwa dizeli, kausha, paka grisi mpya kidogo. Kidogo, kwa sababu grisi nyingi huzuia springi ya ndani kusukuma.

Kujua ubovu uko wapi, inua magurudumu ya mbele yote mawili, gari liwe juu ya stendi, injini imezimwa, habu zimefungwa. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Shafti ya mbele au gurudumu la pili vikizunguka, habu ya upande huo ni nzima. Visipozunguka ndiyo mbovu. Magari yanayoingiza 4x4 kwa kitufe au vakyumu, kagua mirija myembamba ya mpira kabla ya kingine chochote. Joto la injini huipasua.

Imeshika na haitoki? Umeendesha kwenye lami ikiwa ndani. Mfumo huu hauna difu ya katikati (gia inayoruhusu shafti za mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), magurudumu ya mbele hupita njia ndefu zaidi kwenye kona, na shafti zinabaki zimejisokota. Rudi nyuma mita kumi kwa mstari ulionyooka, gia italegea yenyewe. Usiipige nyundo. Defender ni tofauti: inavuta kwa magurudumu yote siku zote na ina difu ya katikati, kazi yako ni kufunga na kufungua hiyo tu.

Steringi inatikisika kwa nguvu kwenye kilomita 60 au 80 kwa saa

Unapita kibonde kidogo kwenye barabara ya Gongoni na ghafla usukani unapiga kushoto na kulia hata mikono haishiki. Usifunge breki kwa kishindo. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika imara, acha mwendo ushuke.

Mtu huenda kununua shokabsoba ya steringi. Mpya inanyamazisha tatizo kwa majuma machache, na wakati huo chanzo kinaendelea kulika. Iache iwe ya mwisho.

Kwanza tazama ndani ya ringi: udongo wa mto Sabaki ukikauka upande mmoja unatosha kabisa kuleta mtikisiko. Pili, upepo wa matairi. Ukipunguza hadi psi 18 kwa ajili ya mchanga wa Mambrui, rudisha kabla ya lami. Tatu, inua mbele, shika tairi juu na chini, sukuma na uvute. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukitoweka, ni beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki, ni beringi za juu na chini za kichwa cha ekseli. Hizi za pili ndizo ninazozikuta zaidi kwenye Land Cruiser na Land Rover zenye matairi makubwa, na ndizo zisizotazamwa kabisa. Nne, shika tairi kushoto na kulia: hapo unasikiliza taerodi, fito zinazogeuza magurudumu. Weka kidole kwenye kiungo mwenzako akitikisa usukani, utausikia mchezo kabla ya kuuona. Tano, kwa magari ya springi za mviringo, bushi za fito zinazoishika ekseli.

Gari lililoinuliwa lina sababu yake ya ziada. Kuinua springi za mviringo kunageuza ekseli, na ule mwinamo unaofanya usukani urudi katikati wenyewe unapotea. Hakuna shokabsoba inayourudisha. Unahitaji bushi za kurekebisha mwinamo huo.

Taerodi inayotaka kuchomoka, ufa kwenye chasisi pale boksi la steringi lilipofungwa, au boliti za boksi zinazolegea kila mara: gari libebwe hadi gereji, lisiendeshwe. Fundi asichomelee taerodi, ibadilishwe.

Oili ya difu imekuwa kama chai ya maziwa

Maji yameingia. Difu ya moto ikizama ghafla kwenye maji hupoa, hewa ya ndani inasinyaa, na maji yanavutwa kupitia kipumulio kilichoziba au sili iliyochoka. Kipumulio ni kikofia kidogo juu ya ekseli. Kikikataa kuzunguka, kimekufa. Ondoa, funga paipu ndefu uipandishe mpaka karibu na boneti. Kati ya marekebisho yote ya nyumbani, hili ndilo rahisi na lenye faida kubwa kuliko taa za juu ya paa. Mwaga oili, tia mpya, endesha siku mbili, imwage tena.

Kwenye vichwa vya ekseli ya mbele, grisi ikigeuka supu nyeusi inayochuruzika kwenye tairi, sili ya ndani imeacha oili ya difu ipite. Ichelewe na itafika kwenye breki.

Breki laini, au zinavuta upande

Sitarefusha, kwani mipaka ya nyumbani ni mifupi. Kagua kiwango cha mafuta ya breki. Yakipungua, yamevuja mahali. Tazama nyuma ya kila gurudumu kama kumelowa. Zikivuta upande mmoja baada ya kupita matope au ufuoni, fungua dramu uoshe mchanga. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na pwani unyevu haukosekani, kwa hiyo nabadilisha kila mwaka na situmii kopo lililokaa wazi.

Pedeli ikifika chini, paipu ya chuma ikiwa imevimba kutu, au ukitoa hewa mara mbili na bado ni laini, gari lisitoke uani. Hata kwenda gereji tu. Fundi aje.

Chasisi inalika

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu lakini chasisi ni chuma, na vyuma viwili tofauti vikigusana kwenye maji ya chumvi, kimoja kinamlisha mwenzake. Ule unga mweupe kwenye viungo ni aluminiamu inayokwisha. Tenganisha kwa mpira au rangi nzito unapofunga upya.

Gonga chasisi kwa nyundo ndogo kila miezi michache, hasa juu ya ekseli ya nyuma na kwenye mikono inayobeba bodi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya debe lililojaa mchanga. Ukirudi kutoka ufuoni, osha chini kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, siku hiyohiyo, na ndani ya chasisi pia kupitia matundu yake. Oili chafu ambayo watu hupaka chini inalainisha na kuozesha bushi za mpira. Tumia nta ya kuzuia kutu.

Kuchomelea kiraka kidogo cha bodi unaweza. Kabla ya hapo toa betri, ondoa tangi la mafuta, si kulifunika tu, na uweke eathi ya mashine karibu na unapochomelea. Chasisi yenyewe, mahali pa springi na mahali pa steringi ni kazi ya mchomeleaji mwenye uzoefu wa magari. Na ukiinua springi, pima hosi za breki magurudumu yakiwa yamening'inia na usukani umezungushwa mpaka mwisho, kushoto kisha kulia. Zikivutika hata kidogo, weka ndefu kabla gari halijashuka chini. Ukibadilisha injini au aina ya bodi, peleka taarifa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kitabu cha gari kirekebishwe.